Mke Wangu Aliomba Matairi ya Misumari

Shangazi Lempi mpendwa,

Naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa maneno mengi, maana huku kwetu Kainuu, kaskazini mwa Finland, mwanamume akianza kueleza ya moyoni watu humpima homa, na mimi miaka yote nimekuwa nikiusoma ukurasa wako gazetini huku nikicheka shida za wenzangu, sasa zamu imenifikia.

Vuli iliyopita nilinunua gari, SUV kubwa jeusi, kutoka kwa mtu wa kusini, gari ambalo nililitamani tangu nilipostaafu kufundisha useremala, linavuta kwa magurudumu yote manne, viti vyake vina joto, hata usukani una joto, na lilikuja na matairi mapya ya misimu yote, yana ile alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, inayoyahesabu kuwa matairi ya baridi, kwa hiyo sheria ilikuwa upande wangu, na mtu akishakuwa na sheria upande wake, Shangazi, haoni tena sababu ya kumsikiliza mkewe.

Mke wangu anaitwa Raija. Anaimba kwaya ya kanisa, sauti ya pili, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiwapitia majumbani waimbaji wazee wasioendesha tena, anawapeleka mazoezini na kuwarudisha, hajawahi kumkwaruza hata paka. Siku gari lilipofika alilizunguka, akainama, akapapasa tairi kama mtu anayepima unga wa mkate, akasema, "Ilpo, haya ni matairi ya watu wa Ujerumani. Njia yetu sisi si theluji, ni barafu. Tafuta ya misumari, inayong'ata barafu."

"Misumari ina kelele, mke wangu. Utadhani tunakaanga samaki njia nzima."

"Bora kelele."

"Gari hili lina tani mbili. Lina kompyuta inayofikiri kuliko mimi na wewe. Uzito wake peke yake unalishika barabarani."

"Kufikiri kuliko wewe si kazi kubwa," akasema. "Na dubu je? Si mzito? Mbona Mungu alimpa kucha?"

Nilicheka, nikaingia ndani. Alinikumbusha tena ziwa lilipoanza kuganda, akanikumbusha na siku jirani alipokuwa akibadilisha yake, kwamba kwenye gereji ya matairi kuna seti inayoingia kwenye gari letu, nikamwambia aache kuniongoza kama mtoto. Na kile kigari chake cha zamani, kidogo, chenye misumari, tulikuwa tumeshakiuza, kwa sababu mimi ndiye niliyesema gari moja la maana linatosha.

Jumapili ya kwanza ya Adventi mvua ilinyesha juu ya barabara iliyoganda, asubuhi kila kitu kikawa kioo. Raija aliondoka mapema, akampitia mama Aune, ambaye ni mzee wa miaka themanini na kitu na bado anaimba kuliko vijana, mimi nikabaki nyumbani. Walipokuwa wakiteremka kilima cha kanisani alikuwa anakwenda mwendo wa kusindikiza jeneza, akakanyaga breki mapema kabla ya kona, breki zikatetemeka chini ya mguu wake na gari likaendelea tu, kwa upole, anasema Raija, kwa upole kabisa, kama sinia linaloteleza kwenye meza iliyomwagika maji, hadi likagonga ukuta wa mawe wa makaburini, upande aliokaa mama Aune. Mkono ukavunjika, na mbavu. Raija alitoka na alama ya mkanda kifuani, na kitu kingine kilichovunjika ambacho hakionekani kwenye picha za hospitali.

Hiyo ni ajali, Shangazi, na ajali inasameheka. Ninachokuandikia ni hiki.

Kesho yake nilikwenda kunywa kahawa kituo cha mafuta, tunapokaa wanaume wastaafu, na Reijo, ambaye hana breki za mdomo, akaniita kwa sauti hadi watu wa pampu wakasikia, "Ilpo! Siku nyingine ukimpa mama funguo, mpe na rubani!" Wote wakacheka. Mwingine akasema gari kubwa na mwanamke ni kama ng'ombe kwenye ziwa lililoganda. Nilikuwa nimeshika kijiko, nikakoroga kahawa ambayo haina sukari, wakanitazama wakisubiri niseme neno, na neno lililonitoka ni hili: "Alikuwa na haraka ya kanisani."

Hakuwa na haraka. Sijui kwa nini nilisema. Nadhani niliogopa wasije wakauliza habari za matairi.

Neno lile lilifika kwa Kauko, mtoto wa mama Aune, kabla sijafika nyumbani, au ndivyo nilivyohisi. Alikuja kwetu, hakuvua hata kofia, akamwambia mke wangu, "Mama Raija, nakuheshimu sana. Lakini ungeamka mapema kidogo siku ile, mama yangu asingekuwa kwenye plasta. Ile haraka ilikuwa ya nini?" Raija alinitazama mimi. Nami nikaenda kumimina kahawa, nikachukua muda mrefu sana kutafuta vikombe ambavyo vinakaa palepale siku zote.

Kauko alipoondoka, Raija alisema, "Kumbe nilikuwa na haraka." Basi. Akatundika funguo kwenye msumari wa mlangoni na hajazigusa hadi leo. Kwaya ameacha. Wale wazee wengine nao hawaendi, maana hakuna wa kuwapitia. Anapokwenda kumjulia hali mama Aune anasukuma kwa mguu kiti chake chenye reli za kutelezea kwenye theluji, na chungu cha supu ya samaki amekifunga kwa blanketi pale mbele, na mimi namtazama dirishani akipotea kwenye miti huku SUV langu, limeshatengenezwa, linang'aa uani.

Siku moja nilikwenda mwenyewe kumwona mama Aune. Alinikaribisha vizuri, akanipa maandazi. Akaniambia, "Mkeo aliendesha kama amebeba mayai, Ilpo. Namwambia Kauko, hasikii, anasema namtetea rafiki yangu." Halafu akaniuliza, "Hivi lile gari lilikuwa na misumari?" Nikamjibu, "Lilikuwa na matairi ya baridi, mama." Kwa sheria sikudanganya. Akasema, "Haya," akanisogezea sahani.

Nilirudi nyumbani. Nilimwambia Raija nataka kwenda kusema ukweli kwa Kauko na kwa wale wa kahawa. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Sasa hivi ukisema, utakuwa unajisafisha wewe. Niache." Sasa sijui. Nikisema, nitakuwa nimemvunjia neno lake. Nikinyamaza, mambo yanabaki haya haya. Halafu na gari lenyewe: shemeji yangu wa Helsinki ananiambia matairi ya mpira laini, yaliyotengenezewa nchi za kaskazini, yasiyo na misumari, yanatosha, yeye anayo na hajawahi kuteleza. Niuze gari? Ninunue ya misumari sasa, kila mtu aone kwamba Raija alikuwa na haki? Nifanye nini, Shangazi?

Mume Aliyekoroga Kahawa, Kainuu

*

Ndugu yangu Mkoroga Kahawa,

Pole. Nakupa pole moja tu, nyingine ni za Raija.

Nianze na matairi, kwa kuwa hayo ndiyo rahisi. Shemeji yako hakudanganyi, ila anakaa Helsinki, barabara zake zinamwagiwa chumvi na kukwanguliwa kabla hajaamka. Kwake yale laini ya kaskazini yanatosha. Wewe unakaa mwisho wa njia ya msituni yenye kilima, na mvua inanyesha juu ya barafu, na abiria wenu ni wazee ambao mfupa ukivunjika hauungi haraka. Weka misumari. Weka yote manne, usije ukaniletea ubahili wa kuweka mawili tu, ya mbele au ya nyuma. Angalia yanabeba uzito wa gari lenu, kwa sababu tani mbili si baiskeli. Ukiyapata yaliyokwisha kutumika, hesabu misumari iliyobaki, pima urefu wa kashata zilizobaki juu ya mpira, na usome mwaka yalipotengenezwa, maana mpira ukizeeka unakuwa mgumu kama mtu fulani ninayemfahamu kwa barua. Yakiwa mapya, nendeni taratibu mwanzoni hadi misumari ikae vizuri.

Yale ya misimu yote si mabaya; yametengenezewa watu ambao baridi yao ni matope. Na kuhusu magurudumu yote manne kuvuta: yanakusaidia kuondoka na kupanda kilima. Kusimama ni habari nyingine. Breki kila gari linazo kwenye magurudumu manne, hata kile kigari ulichokiuza. Na ule uzito uliokuwa unajivunia ndio uliosukuma gari hadi ukutani. Mkeo alikueleza yote haya kwa mfano wa dubu, na alieleza vizuri kuliko mimi.

Gari usiuze. Ukiliuza utajisikia umetubu, na Raija atabaki bila gari. Hapo nani ameadhibiwa?

Sasa lile gumu. Unaniuliza kama umtii mkeo aliposema "niache." Ndugu yangu, umechagua vizuri sana siku ya kuanza kumtii! Vuli nzima hukumsikia hata mara moja, leo neno lililokunufaisha wewe ndilo lililokuingia sikioni. Alikwambia usijisafishe kupitia yeye. Hakukwambia kwamba ataendelea kubeba uongo wako hadi kaburini. Hizo ni habari mbili, na nadhani unajua.

Najua pia hukuwa na nia mbaya. Nimewahi kukaa kwenye meza kama hiyo, najua kicheko cha meza nzima kinavyomfanya mtu aseme asilolikusudia. Nakuhurumia. Lakini maneno yako matano yamemtoa mwanamke kwenye usukani wake, yamewatoa wazee kwenye kwaya yao, na yamemfanya mtoto amwone mama yake kama mwongo. Ajali haikufanya hayo. Ajali ilivunja mkono.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza mwambie Raija, hapohapo jikoni: "Nakwenda kwa Kauko. Siendi kuomba unisamehe. Nakwenda kuondoa uongo niliouweka." Usisubiri ruhusa, usisubiri sifa. Akisema hataki, mweleze kwamba uongo ni wako na kuuondoa ni kazi yako, halafu vaa koti.

Kwa Kauko usizungumzie barafu. Usizungumzie mvua, wala alama iliyoko ubavuni mwa tairi. Mwambie: "Mke wangu aliniomba matairi ya misumari mara tatu, nikakataa. Hakuwa na haraka. Nilisema uongo." Halafu nyamaza, umwache akasirike. Ana haki. Mbele ya mama Aune sema vilevile; nadhani yeye ameshajua tangu alipokusogezea sahani, lakini anastahili kuyasikia kinywani mwako.

Kisha nenda kituo cha mafuta, saa ambayo Reijo yupo. Usimvute pembeni. Uongo ulisemwa kwa sauti, na ukweli usemwe kwa sauti hiyohiyo. Watakucheka wiki mbili, labda hadi Pasaka. Kahawa utainywa hivyohivyo.

Raija anaweza asikusamehe upesi. Anaweza asirudi kwenye usukani msimu huu, na wewe huna haki ya kumharakisha. Hadi atakapoamua, wewe ndiye dereva wa kwaya: uwapitie wazee wote, uwafungulie mlango, uwashike mkono kwenye barafu, ukae nyuma kanisani hadi mazoezi yaishe, uwarudishe. Muulize mkeo kama atakuja. Akikataa, usibembeleze, muulize tena wiki ijayo.

Na siku atakapozichukua funguo mwenyewe, kaa kiti cha abiria, funga mkanda. Akikanyaga breki mapema kuliko ambavyo ungekanyaga wewe, tazama nje dirishani, ufurahie miti.

Shangazi Lempi