Vichupa Viwili vya Damu

3 Machi

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na miguu yako ya kusimama zamu nzima inaendeleaje? Huku mama na mimi tu wazima wa mwili. Leo nimeapa kukueleza yote, hata lililo baya, maana wewe ni mtu wa maabara na utaelewa.

Unajua likizo hii nasaidia maabara ya kituo cha afya, kwa yule mzee tunayemwita Mkono Mwepesi kwa kuwa sindano yake haiumi. Mimi huosha slaidi na kuandika lebo. Kanuni yake ni moja: kichupa huandikwa baada ya damu kuingia, mgonjwa akitaja jina lake mwenyewe. Lakini Jumatatu benchi la wajawazito lilijaa hadi mlangoni. Mmoja wao akasema, "Mwanangu, mimba hii itaanza shule tukiwa hapa hapa." Wote wakacheka. Nami, ili niwaharakishe, nikaandika vichupa mapema kwa kufuata mpangilio wa benchi. Kumbe nilipogeuka, mama yule aliyetuchekesha alibadilishana nafasi na jirani yake ili apate upepo wa dirishani. Mzee akatoa damu kwa kuniamini.

Damu yake ilikuwa imepungua sana, lakini kwa majibu ya jirani yake akaambiwa inatosha, arudi nyumbani. Siku ya nne mumewe alimleta amembeba. Yeye amepona. Mtoto tumboni hakupona.

Wakubwa wa kituo walipouliza nani aliandika lebo, Mkono Mwepesi akasema, "Ni mimi. Macho yamezeeka." Nilikuwa nimesimama nyuma yake na taulo mkononi. Nikarudi kufuta slaidi. Siku iliyofuata likaja jibu la chuo: nimekubaliwa kusomea kazi ya maabara, kwa barua ya pendekezo aliyoiandika yeye.

Nifanye nini?

Mdogo wako.


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu ndiyo hiyo, inavimba na kunywea. Msalimie mama, na usimwambie lolote.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nimejifungia chooni kazini. Nyamaza. Mzee amekukingia kifua. Ukisema mtazama wote wawili, na mtoto hatarudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kila mtu wa maabara ana kichupa chake. Mimi ninacho changu, mwaka wa nane sasa, na kila asubuhi naamka naenda kazini. Nenda chuo. Utakuwa mwangalifu kuliko wenzako wote, ndivyo tunavyokuwa.

Usiniandikie tena habari hizi.

Dada yako.


11 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu. Mama hajambo, ila anauliza mbona sili. Umenikataza kuandika, nisamehe, sina mwingine.

Mkono Mwepesi amefukuzwa na leseni wamemnyang'anya. Nilimkuta kwake akitengeneza saa za watu. Nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Hakuinua kichwa. Alisema kosa ni lake vilevile, kwa kuwa aliyeshika sindano ndiye aliyepaswa kuuliza jina. Nilikwenda hata hivyo. Mganga mkuu wa kituo aliisoma karatasi niliyoandika kosa langu hadi mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Faili limefungwa, binti. Nenda kasome."

Tangu siku hiyo nalala na karatasi ile chini ya mto. Kila niliyempelekea kosa langu amenirudishia, na kila mmoja anaona amenitendea wema. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Mama ameshaninunulia koti jeupe. Nililijaribu mara moja tu, nikalivua.

Amebaki mtu mmoja. Yule mama anakaa nyumba ya tatu nyuma ya kituo. Jirani yake wa hapo nyumbani anasema hajilaumu kwa lingine ila ndoo ya maji aliyoibeba asubuhi ya siku aliyozidiwa. Anaamini ni yeye aliyemuua mwanawe. Hakuna aliyemwambia vingine. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakwenda kumwambia. Huenda asinisamehe, na huenda safari ya chuo ikaishia mlangoni pake. Lakini siwezi kumwacha na ndoo ile.

Dada, naogopa. Nimefika kwenye uzio wao mara mbili, nikarudi. Wewe umekaa kimya miaka minane, kwa hiyo unajua huku kuogopa kulivyo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Tafadhali nijibu mara tu uipatapo barua hii: utakuja twende wote?

Mdogo wako.