Pale Theluji Inapoishia

Jumanne, nyumbani Waithaka

Picha aliyotutumia Kamau leo imeninyima amani siku nzima. Ndugu yangu anafanya kazi hotelini huko Uswisi, na siku za mapumziko anateleza kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni, mlimani, nje ya njia zilizowekwa alama. Pichani amesimama pale theluji inapoishia, anacheka.

Theluji yenyewe imejitokeza kama paa la veranda. Chini yake hakuna kitu.

Tumekulia kando ya timbo, shimo refu la kuchimba mawe. Baba alitukataza kupita mstari wa mikonge iliyopandwa karibu na ukingo, kwa sababu mvua hula udongo kutoka chini na nyasi inabaki juu, kijani, kama ardhi ya kweli. Mbuzi wetu alitumbukia hivyo, akafa. Kamau aliona.

Nilimpigia. Akasema, "Wewe unaogopa kila kitu. Kuna nyayo za watu hapa."

Nyayo za mbuzi pia zilikuwepo.

Halafu Mama, kwenye grupu ya familia: "Kesho piga nyingine, sogea mbele kidogo bonde lionekane, niwaonyeshe akina mama wa kanisa."

Niliandika, "Mama, usimwambie hivyo," nikafuta. Kwetu hakuna anayempinga Mama mbele ya wajomba, na wote wamo kwenye grupu.

Kamau ameshajibu. "Sawa, Mum."