Ndege wa Shamba la Tumpe

Jumatatu, Ipinda

Sauti imenikauka, na si kwa kuhutubia.

Kikundi chetu cha kutetea wasichana kilinituma kwa mama yake Tumpe, maana mtoto hakuonekana shuleni wiki nzima na leo ndipo mtihani wa majaribio wa kidato cha nne unaanza. Njiani nilipanga maneno mazuri kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Nilimkuta Tumpe juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, katikati ya mpunga, akipiga debe kufukuza ndege.

"Faida ya shule naijua, dada," mama yake alinikatiza. "Mashamba ni mawili, na wa kuamia ndege ni mimi na yeye. Wakiumaliza mpunga, tutakula nini? Wewe sauti unayo. Panda."

Nilidhani ananitania. Lakini Tumpe alikuwa ameshashuka, anavaa sare nyuma ya migomba.

Nilipiga kelele mpaka jioni. Ndege hawakuniogopa sana. Mama Tumpe alicheka kutoka shamba la pili: "Piga debe! Hivyo wanadhani unawaombea!"

Tumpe amefanya Kiswahili. Kesho ni hesabu. Sijui nitawaelezaje wenzangu kwamba hotuba yangu...

Nimeambiwa nifike kabla ya ndege.