Kiti cha Mama Yenu Ndani ya Hori

Lamu, 1964

Binti yangu Hafswa, pamoja na nduguzo watakaoketi hapo Mombasa kukusikiliza ukiisoma barua hii,

Nawasalimu kwa mapenzi. Mimi ni mzima. Mvua imewahi mwaka huu, na skuli yetu imepakwa chokaa upya.

Mnakumbuka kwamba mama yenu, mgongo wake ulipodhoofika, alitamani kuvuka hadi shamba letu la Kililana. Nikaazimia kumfungia kiti chenye egemeo ndani ya hori letu, mtumbwi wetu mdogo wa kuvukia. Fundi Hamid aliniwekea mbele parafujo za chuma na za shaba nichague, akasema, "Mwalimu, chuma huliwa na maji ya chumvi. Shaba itadumu."

Mama yenu akacheka. "Ndia ya kwenda Kililana ni fupi, Bwana, na yangu ni fupi zaidi. Tia za chuma, zatosha."

Nilimkemea kwa upole, nikachagua shaba. Alivuka mara moja tu, ameegemea kama bibi harusi, akinitania kwamba napiga kasia kama karani.

Tangu tumzike, majirani huazima hori kubebea nazi, na kiti kinawazuia. Jana nilishika bisibisi ili nikiondoe. Parafujo hazina hata chembe ya kutu. Zingetoka bila taabu. Mkono wangu ndio uliokataa.

Njoo, Hafswa, uzifungue wewe. Au uketi, nikuvushe.

Baba yako anayekungoja,
Abdulhadi