Korongo Aliyetembea kwa Miguu

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Nimerudi mnadani. Vumbi tupu. Nimenunua mbuzi wawili wanono, na kwa jinsi nilivyopatana na muuzaji, alilia. Machozi hayakutoka, lakini moyoni alilia, nilimwona.

Safari ya kurudi imekuwa ndefu kwa sababu ya Mama Shija. Mke wangu ni mwema, ila miguu yake inapendwa na miiba kuliko miguu yote ya Usukuma. Tunakwenda kidogo, anasimama, anatua kikapu, anainua wayo. Mwiba. Tunakwenda tena. Mwiba. Mimi mwenye mguu mbovu namngojea yeye mwenye miguu mizima! Hata mbuzi walishangaa.

Mguu huu uliumia Geita, kwenye dhahabu. Jiwe kubwa kama ghala lilishuka, nikalipokea kwa goti. Wenzangu wote wakatoka salama. Goti likavunjika na jiwe likapasuka. Tukawa sare.

Nyuma yetu alikuwa Kabula, binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu hajang'oa meno ya utoto, ananiita Baba. Alikuwa na kijana Masanja, mchimba visima wa hapa Songwa. Masanja ana baiskeli. Anaisukuma! Mwanamume mzima, baiskeli ina kengele na taa, anatembea nayo kama anayepeleka ndama josho. Hajui kuiendesha, hilo ni wazi. Nimecheka mpaka nyumbani.

Alhamisi, 5 Agosti

Siku ya heshima kwa nyumba hii. Mshenga wa Lufunga amekuja.

Lufunga wa Ngokolo. Mnunuzi wa ng'ombe. Ana gramafoni, ana lori, ana jino la dhahabu. Mshenga wake akapanga vijiti chini, kila kijiti ng'ombe mmoja, kama tufanyavyo siku zote. Vilifika kutoka kiti changu mpaka mlangoni. Nimeona mahari nyingi maishani, nyingine nimezipanga mimi mwenyewe, lakini safu kama ile, hapana. Kuku alishindwa kuiruka.

Sikuvipokea palepale. Mtu mkubwa hapokei palepale. Nimemwambia arudi Jumapili ya tarehe ishirini na mbili. Nikivishika vile vijiti mkononi, neno limekwisha, binti ni wao.

Kabula alikuwa uani anakata viazi vya kuanika, vya michembe. Nikampa habari. Hakuinua kichwa.

"Sitaki, Baba."

Nani basi? Masanja. Masanja! Msukuma baiskeli! Nikamuuliza sababu. Akasema yeye anataka mume kama yule korongo wa sinema.

Hapo nikafurahi. Maana sinema ile ni yangu.

Niandike vizuri nisije nikasahau uzeeni. Kabula alikuwa mtoto mdogo. Gari la sinema lilikuja uwanja wa kambi ya mgodi wa almasi, wakafunga shuka jeupe. Mkalimani wao alikuwa na homa. Mzungu akauliza nani anajua Kiingereza. Nikasimama. Nilisoma miaka mitatu misheni ya Ushirombo, na Kiingereza nilikipata Geita chini ya ardhi: sukuma, vuta, kimbia. Nikapewa bomba la bati la kukuzia sauti, nikaeleza kwa Kisukuma. Ilikuwa ni picha za kuchorwa, lakini zinatembea. Korongo wawili, dume na jike, wanasafiri kwa miguu nchi nzima. Kila baada ya mwendo dume anainama, anafukua tope kwa mdomo. Anatafuta nini? Mimi mchimbaji nikajua mara moja: anatafuta dhahabu, apate mahari. Na jike anamfuata kwa sababu anajua atapata. Watu walilia. Tangu siku ile ninaitwa Bwana Sinema mpaka Shinyanga mjini.

Basi nikamwambia Kabula: korongo huyo ndiye Lufunga! Mwenye kupata!

"Siyo huyo, Baba," akasema. Akaendelea kukata viazi.

Imeniuma. Kunifundisha mimi sinema yangu mwenyewe.

Jumamosi, 7 Agosti

Ugomvi. Kabula anasema nikivishika vijiti vya Lufunga, atakwenda kwa masista Ushirombo, wakamfundishe kushona, na hatarudi. Anakwenda kweli. Ana kichwa cha kaka yangu.

Mama Shija anapanga michembe juani kama hasikii. Nikamwuliza, wewe upande wako ni upi? Akasema yeye yuko upande wa jua. Wanawake.

Sina tamaa ya ng'ombe. Ninao. Lakini nilimshika mtoto huyu mkono siku tulipomzika kaka yangu, na nilisema moyoni hatalala njaa. Mchimba visima anaweza kuchimba mwaka mzima akakuta mwamba. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nimeliandika, basi.

Jumanne, 10 Agosti

Mungu yupo na ananipenda kuliko wengine. Gari la sinema linakuja Jumamosi. Dereva alipita dukani, nikamwuliza mwenyewe. Wanayo ile ya korongo! Ya zamani, anasema, imechakaa, lakini watoto huiomba kila mahali.

Nimekwenda kilabuni. Pombe ya mtama ilikuwa tamu, nikasimama. Nikawaambia watu wote: sinema ndiyo itakayoamua. Kama yule korongo hatafuti dhahabu, nitavipokea vijiti vya Masanja kwa mkono wangu huu. Watu wakapiga makofi. Ng'wandu, rafiki yangu wa tangu tukichunga pamoja, hakupiga. Alisema, "Bwana Sinema, siku moja ulimi wako utakula ng'ombe."

Wivu. Yeye hajawahi kushika bomba.

Kabula amesikia habari. Alicheka! Kisha akaniwekea maji ya kuoga ya moto. Sijui anacheka nini.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimenyoa ndevu. Nimevaa koti la Geita. Leo watajua.

Jumapili, 15 Agosti

Naandika asubuhi. Sikutaka kuandika, lakini mwanamume haogopi kalamu.

Uwanja ulijaa. Wachimbaji, wake zao, watoto mbele kabisa mchangani. Safari hii mkalimani ni kijana wa Tabora, suruali imepigwa pasi, ana kipaza sauti cha umeme. Nikamwendea nikamwambia kama anahitaji msaada nipo. Akasema, "Shikamoo mzee. Asante, wewe kaa upumzike." Nikaitikia marahaba. Nikakaa.

Picha ikaanza. Ni ile ile. Upepo mkubwa unavuma, korongo wote wanaruka kwenda nchi ya mbali yenye maji. Jike anaanguka, bawa limevunjika. Dume yuko juu tayari, na wenzake. Anatazama chini. Anashuka.

Sehemu hiyo siikumbuki. Labda siku ile nilikuwa bado natafuta mdomo wa bomba.

Wakaenda kwa miguu. Milima, tope, vyura wanawacheka. Dume ana mabawa mazima, mapana kama milango. Kila jike anapochoka, dume anasimama, anainama, anafukua tope. Watu wakageuka kunitazama. Nikajikohoza. Sasa, nikasema, sikilizeni.

Kijana wa Tabora akasema taratibu kabisa: "Hana njaa huyu. Hapo chini hakuna kitu. Anajifanya anatafuta, ili mwenzake apumzike bila kuona haya."

Kisha picha ikaonyesha jike amesimama kwa mguu mmoja, anapumua, anatazama pembeni kama hajui. Kumbe anajua.

Ng'wandu akapaza sauti. "Bwana Sinema! Dhahabu iko wapi?"

Uwanja mzima ulicheka. Nikajibu hapo hapo. "Wameikata! Kile kipande cha dhahabu wamekikata!" Wakacheka zaidi. Nilisimama wima mpaka mwisho. Kukimbia ni kwa wenye miguu mizuri.

Leo nimemwita Kabula. Nikamwuliza kama ameaibika, kuona ile hadithi niliyompa utotoni imegeuzwa. Akasema hakuipata kwangu.

"Siku ile nilikaa karibu na ile injini ya umeme, Baba. Ilinguruma, sikusikia hata neno lako moja. Mimi nilitazama tu."

Miaka yote hii. Kijiji kizima kilinisikia, isipokuwa yeye.

Jumatano, 18 Agosti

Ahadi ya kilabuni ni ya kilabuni, inaweza kukaliwa. Wapo watu wangeikalia. Kwanza nimetaka kuona mwenyewe.

Nimekwenda kwenye kisima anachochimba Masanja. Alikuwa chini, mwenzake akamwita kutoka juu ya shimo, Masanja akapanda kamba ametapakaa tope. Shikamoo, marahaba. Nikatazama shimo. Kuta zimenyooka. Kidogo tu zinapungua kwa zile nilizochimba mimi Geita. Chini palikuwa na maji.

Nikamwambia, panda baiskeli nikuone.

Alishangaa, lakini akapanda. Jamani. Alizunguka uwanja kama mwewe, akapita katikati ya mbuzi bila kugusa mkia, akaachia mikono yote miwili, akapiga kengele, akashuka ikiwa bado inakwenda. Nilijua kuendesha baiskeli hivyo nilipokuwa kijana, na nilikuwa bora, lakini hata yeye si mbaya.

Nikamwuliza, basi siku ya mnada uliisukuma kwa nini?

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini ng'ombe hunywa maji.

"Kabula alikuwa anatembea kwa miguu, Mzee."

Nikarudi nyumbani nimekasirika. Nilitafuta wa kumkasirikia, nisimpate.

Jumapili, 22 Agosti

Mshenga wa Lufunga amekuja mapema, kapaka nywele mafuta. Akapanga vijiti. Ameongeza. Safu ilitoka nje ya mlango ikashika njia. Nikamwambia asante sana, mpelekee Lufunga salamu, nyumba hii ina neno jingine. Akafikiri nataka aongeze tena. Nikamwambia, bwana, hata ukivifikisha Ngokolo, hapana. Akavikusanya kimoja kimoja. Alichukua muda. Nilimheshimu kwa kutokucheka.

Mchana, kwa mwito wangu, akaja shangazi yake Masanja na mshenga wao, mzee mmoja kiziwi kidogo. Vijiti vyao viliishia kabla ya mguu wa kiti changu. Yule shangazi akatazama chini. Najua jicho lile. Siku nilipomwoa Mama Shija, mama yangu alitazama chini vile vile.

Kabula alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshika ufagio na hafagii.

Kwa kawaida hapo baba wa binti anaguna, anasukuma vijiti kwa fimbo, anasema wageni mmesahau vingine njiani? Wanaongeza, anaguna tena, mpaka jioni. Mimi ni bingwa wa kuguna. Watu wamekuja kutoka mbali kunikodi niwagunie.

Sikuguna. Niliinama, na goti lilipiga kelele, nikachukua kijiti kimoja nikamrudishia yule mzee. Masikio yake alishayazoea, sasa akadhani na macho yameharibika. Ng'wandu, niliyemwita kuwa shahidi, akasimama. "Unafanya nini wewe?" Nikamwambia, huyo ng'ombe abaki kwao, Kabula akanywe maziwa yake. Kisha vilivyobaki nikavikusanya vyote, nikavishika mkononi.

Tangu Usukuma iwe Usukuma hakuna baba aliyepunguza vijiti vyake mwenyewe. Wa kwanza ni mimi. Ng'wandu ameapa atalisimulia hili mpaka afe. Nimemwambia alisimulie vizuri, asiache kipande.

Mama Shija alipiga kigelegele mpaka kuku wakaruka. Sijamsikia hivyo tangu Shija azaliwe. Kabula alinipigia magoti, akanishika lile goti bovu, akalia hapo. Nikamwambia inatosha, unalowesha suruali ya mgeni rasmi.

Jumatatu, 30 Agosti

Mnadani tena, vyombo vya Kabula. Sufuria, kitambaa, jembe. Bei nilizopata sitaziandika, nisiaminike bure.

Kurudi tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Shija. Jua kali, mbuga imepasuka. Tulipopita lambo goti likaanza kazi yake. Sikusema. Huwa sisemi.

Mama Shija akasimama. Akatua kikapu. Akainua wayo.

Safari hii nikatazama. Wayo mgumu kama ngozi ya ngoma, umepauka, msafi. Alipitisha kidole pale pale kwenye kisigino, taratibu, hakuna kitu. Hata tundu. Mwiba gani ungeingia pale? Nikakumbuka kichaka cha minyaa. Nikakumbuka njia ya kisimani. Kanisani. Kila mwaka tangu Geita. Na kila mara nilimcheka mbele za watu.

Nilikuwa na maneno. Mimi sikosi maneno. Yakaja mpaka hapa, nikayaacha.

Nikakaa juu ya kichuguu. Goti likapoa polepole. Ndege weupe walikuwa wanatembea ukingoni mwa lambo.

Nikamwuliza kama mwiba umetoka.

Akasema bado kidogo.

Nikamwambia sina haraka.