Maembe ya Ilagala Kwenye Chupa

Jumatatu, 4 Novemba

Uji, sare ya Tumaini, kumnyonyesha Nuru, kukimbilia kazini duka la dawa, kuchelewa. Kama kawaida. Jioni nimekuta gunia la maembe limeegemea mlango wa jiko. Mume wangu Baraka kayaleta kwa boti kutoka kwao Ilagala. Ni ya mwembe wa marehemu baba yake. Ziwa lilipopanda lilimeza nyumba na shamba karibu lote, ndiyo maana mama mkwe wangu anaishi nasi hapa Gungu. Mwembe sasa umesimama majini, majani yamekuwa njano. Baraka anasema hautafika msimu mwingine.

Mama ameyatoa gunini moja moja, akayanusa.

Nimeamua kuyahifadhi. Kila mwaka tunakula mpaka matumbo yanauma, yanayobaki yanaoza, nzi wanafanya sherehe. Mwaka huu hapana. Nataka Mama aendelee kula embe la mumewe hata mwembe ukishaanguka.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefundishwa na Dada Rehema, jirani anayeuza achari sokoni Mwanga. Nuru mgongoni muda wote. Chupa za vioo zichemshwe kwanza. Embe limenywe, likatwe, liingie kwenye maji ya sukari yenye ndimu ya kutosha. Funga. Panga chupa kwenye sufuria kubwa, kitambaa chini zisigongane, chemsha tena. Toa, ziache mpaka kesho yake. Usiziguse. Kifuniko kikibonyea chenyewe katikati, umefaulu. Ukikigusa kikacheza, hewa imo, chakula kitaharibika.

Rahisi. Kila kitu ni rahisi ukiwa umekaa kibarazani kwa mtu.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku nzima jikoni. Mkaa umeniishia katikati. Tumaini anakula kila kipande ninachokata. Baraka karudi kutoka Kibirizi kutengeneza mashine za boti, ananuka petroli, akataka kusaidia. Nimemfukuza. Magharibi chupa zote ziko mezani. Rangi nzuri sana. Kiuno kimekufa lakini nina raha.

Jumapili, 10 Novemba

Zote zinacheza. Zote. Hakuna kifuniko hata kimoja kilichobonyea.

Ibada ya kwanza imenipita nikiwa nabonyeza vifuniko. Tumekula embe asubuhi, mchana na jioni. Rehema anasema lazima ni vifuniko.

Jumanne, 12 Novemba

Vifuniko vipya. Rehema kavichagua mwenyewe. Baraka kauliza, "Mama Tumaini, si tuyale tu yaishe?" Nimemjibu vibaya. Kwani haya maembe ni ya kwetu mimi? Ni ya baba yake. Tumelala tumepeana migongo.

Jumamosi, 16 Novemba

Mara ya pili. Rehema amesimama juu yangu kama msimamizi wa mtihani. Ndimu nimeongeza. Tulipoanza kuzipanga mezani, kifuniko cha kwanza kikalia, tik. Kikabonyea mbele ya macho yetu. Rehema kanipiga begani. Leo nalala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Jumapili, 17 Novemba

Zinacheza tena. Hata ile tuliyoiona ikibonyea.

Nilikaa sakafuni nikalia. Sioni aibu kuandika. Mama katoka chumbani kwake na kikombe cha chai, akasema, "Usilie, mwanangu. Labda maembe yenyewe yameshakunywa maji ya ziwa. Maana mimi nimekusaidia kila nilivyoweza."

Nikauliza amenisaidia nini.

"Alfajiri nikiamka kusali nazifungua, mvuke utoke, halafu nafunga tena. Chakula cha moto ukikifunika kinachacha. Hukufundishwa kwenu?"

Nilifundishwa. Hata mimi wali siufuniki mpaka upoe. Maharage vilevile. Mama yangu angefanya hivyohivyo. Lakini hayo ninayawaza sasa. Pale pale nilisema, tena kwa sauti, "Mama, umeyaharibu maembe ya mzee." Watoto wanasikia. Yeye akaweka kikombe chini, akarudi chumbani.

Jumatatu, 18 Novemba

Mama hajala. Baraka ameuliza mara moja tu nilimwambia nini mama yake, halafu akaondoka kwenda Kibirizi. Jioni Tumaini kaja kuniambia Bibi anakunja vitenge. Anataka kurudi Ilagala. Kurudi wapi? Kwenye maji?

Bado nina hasira. Pia ninajionea aibu. Vyote viwili pamoja, vinachosha.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimepiga magoti kumwomba msamaha. Nimemweleza kwamba chupa inavyopoa ndivyo inavyojifunga, na kwamba ni mimi niliyepaswa kumweleza tangu mwanzo. Nilimfundisha mpaka mtoto wa miaka mitano asiguse chupa, lakini yeye sikumwambia neno.

Kajibu, "Nimesikia." Huo si msamaha. Lakini kala ugali.

Baraka anasema kuna maembe yamebaki kwenye matawi ya juu. Nimemwomba Mama twende naye Jumamosi. Kasema ataangalia.

Jumamosi, 23 Novemba

Tumeondoka alfajiri. Watoto wamebaki kwa Rehema. Mama alikuwa tayari kabla yetu, kitenge kimefungwa kifuani.

Sijawahi kuona mwembe ndani ya ziwa. Baraka kauendea kwa mtumbwi wa kuazima, akapanda moja kwa moja kutoka mtumbwini. Mwembe wote ukayumba. Vijana waliokuwa wanaanika dagaa wakamwambia asithubutu kutumbukia, mamba wapo. Mama amesimama ukingoni anamwelekeza kwa sauti, "Kulia. Tawi la kulia. Baba yako alikuwa anaanzia hapo." Tumepata ndoo moja, na nusu yake yametobolewa na ndege.

Mchana, tuliporudi nyumbani, tumepika pamoja. Yeye anakata, mimi nachemsha. Amelalamika kuhusu sukari. Amelalamika kuhusu ndimu. Nimefurahi kumsikia akilalamika. Chupa zilipofika mezani akauliza, "Hata mvuke kidogo?" Nikasema hata kidogo, Mama. Akaguna, akavuta kigoda akae mbali nazo.

Jumapili, 24 Novemba

Zimebonyea.

Mama ndiye aliyezigusa wa kwanza, mbele yangu, kwa kidole, moja baada ya nyingine. "Imekaza. Hii nayo imekaza." Ni chache, rafu haikujaa. Akaniuliza tutakunywa chai saa ngapi, kwani leo hakuna ibada?

Jumapili, 30 Machi

Mwembe umeanguka. Watu wa boti wamemwambia Baraka bandarini. Alipomwambia mama yake, yeye kasema, "Haya," akaendelea kuchambua dagaa.

Mchana ameomba chupa moja. Nimeifungua kwa ncha ya kijiko, tumekula na watoto. Kasema sukari imezidi, kisha akaramba kijiko pande zote mbili. Amemwambia Tumaini kwamba babu yake alikuwa halimenyi embe, alilibonyeza mpaka likalainika, akalitoboa, akalinyonya. Tangu siku ile ya mtumbwi sikumsikia tena akimtaja.

Nilidhani hiyo ilikuwa chupa ya mwisho. Jioni nafagia chumba chake nikakuta nyingine chini ya kitanda, imefungwa kwenye kitenge. Sikuwahi kugundua kwamba imepungua rafuni. Kifuniko kimebonyea vizuri.

Rehema anasema maembe ya hivi hukaa mwaka mmoja, basi.

Hilo sijamwambia Mama. Nimeifunga tena kwenye kitenge chake, nikairudisha palepale.