Kwa Mama Igoki, Ambaye Hakuugua Hata Siku Moja

Mwaka mmoja umetimia leo, mama yetu Igoki, tangu ututoke. Wengine hutoa tangazo la namna hii wakiwa na machozi tu. Sisi tuna machozi na hasira, na utatuelewa, kwa kuwa wewe mwenyewe hukupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Uliamka mapema na kusema na mbuzi wako kabla ya kusema na watu. Ndengu zako zilikuwa safi kuliko zote sokoni Siakago. Hakuna mgeni aliyetoka kwako bila uji, hata shemeji yako Ndambiri, tuliyefundishwa kumwita baba mdogo. Tangu baba yetu Njagi afariki, alikuja kila msimu kuangalia kama umeanza kukonda. Shamba alikuwa ameshalipima kwa macho. Alikunywa uji wako akishika kikombe kwa ncha za vidole, kisha akarudi kwake kungoja. Alingoja miaka ishirini na moja, mtu mzima, mzee wa kanisa.

Hukukonda. Ulipimwa baba alipofariki, ukakutwa na virusi vya ukimwi, na hukuficha. Kwa zaidi ya miaka kumi hukumeza kidonge hata kimoja, lakini mashine za maabara hazikuviona virusi kwenye damu yako. Daktari wa utafiti alitueleza kwamba kwa watu wengi zile seli T, askari wa damu, hupigana miaka mingi mpaka zinachoka, zinabaki zimesimama tu bila nguvu, huku virusi vikibadilisha sura kila mara. Zako zilivishika mahali ambapo vikijibadilisha vinajilemaza vyenyewe. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamwuliza kama askari hao wanakula ndengu. Baadaye alikushauri umeze dawa hata hivyo, kwa sababu hata askari hodari huchoka. Ukameza bila maneno, kila siku.

Siku ile panga liliteleza ukiwakatia mbuzi majani, likakupasua paja. Binti yako Ednah alikufunga kwa leso, akakimbia kwa Ndambiri, mwenye gari pekee kijijini. Alikuja na pikapu yake mpaka langoni, akaiona damu, akabaki ndani.

"Hiyo damu haiingii kwa gari yangu," alisema. "Mimi niko na familia."

Damu ambayo mashine haikuona kitu ndani yake, Ndambiri aliisoma kupitia kioo cha pikapu. Msomi mkubwa. Wewe ulimwambia kwa sauti ndogo, "Enda basi, Ndambiri. Usichelewe chai."

Mugendi wa bodaboda ndiye aliyekubeba, Ednah akikushika kwa nyuma. Ulitutoka kabla hamjafika kwenye lami.

Mazishini, pikapu ile ile ilileta viti. Ndambiri alishika maikrofoni akasema uliugua kwa muda mrefu kwa ujasiri. Watu waliokuona ukilima wiki moja kabla wakaitikia amina, kila mmoja akijua ni uongo. Hukuugua, mama. Hata malaria ilikuogopa. Ulikufa kwa jeraha, na nusu saa ya gari ingetosha kukuokoa. Tunaandika haya ili maneno ya yule mtu yasibaki kuwa ndiyo habari ya maisha yako.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni binti zako Ednah na Caroline, mjukuu wako Munene, dada yako Wanjira, na Mugendi, ambaye hukumzaa.

Ndambiri ametuma neno kwamba Jumamosi atatupeleka kanisani bure kwa ibada ya kumbukumbu yako. Tumemjibu kwamba tutatembea kwa miguu.

Hatutakusahau kamwe, mama. Na yeye pia hatutamsahau.